Kabla hujaomba viza kwenda kuona majani, nenda Mikumi

Kila ifikapo Oktoba simu zetu hujaa picha za misitu ya Japani na Kanada iliyogeuka rangi ya dhahabu na damu ya mzee. Rafiki zangu wa hapa Dar huniuliza safari ya huko inagharimu kiasi gani. Huwa nawajibu: kwanza nendeni Hifadhi ya Mikumi, kule Morogoro, mkaone miombo.

Misitu ya miombo hubadilika rangi karibu wakati huohuo, ila sababu ni tofauti kabisa. Kule kwenye baridi jani linazeeka, ukijani wake unavunjika, na manjano iliyokuwa imejificha inajitokeza kabla jani halijadondoka. Kwetu ni jani changa ndilo linalozaliwa jekundu. Miti hupukutika kiangazi, kisha huchipua upya wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, na wekundu ule hulikinga jani laini na jua kali mpaka likomae na kuwa kijani.

Kwa hiyo shughuli yote iko kwenye tarehe. Lenga mwisho wa Septemba hadi Oktoba, lakini usikate tiketi kwa kutazama kalenda peke yake. Mpigie mtu wa Mikumi mjini, hata mhudumu wa nyumba ya wageni, umuulize kama vilima vimeanza kuwa vyekundu. Rangi haikai. Ukisubiri mwisho wa mwezi ili mshahara uingie, unaweza kukuta kijani kimeshameza kila kitu.

Kufika si tabu. Mabasi ya Iringa na Mbeya yanayotoka Mbezi Luis yanapita humohumo hifadhini, kwa kipande cha kama kilomita 50. Waweza pia kupanda treni ya SGR hadi Morogoro, halafu ukodi gari. Mimi napendelea gari, kwa sababu basi halisimami pale unapotaka kutazama.

Sasa dereva. Usipomwambia kitu atakupeleka moja kwa moja tambarare ya Mkata, kaskazini mwa barabara kuu, maana huko ndiko kwenye simba na tembo. Mweleze mapema: "Kaka, simba tutawaona baadaye. Nipeleke kwanza upande wa kusini, kule vilimani kwenye miombo." Na muwe huko asubuhi na mapema. Majani machanga hayasimami. Yananing'inia malegevu kama kanga iliyotoka kufuliwa. Jua la saa moja likipenya kwa nyuma, unauona kila mshipa, na mti mzima unawaka: huu rangi ya shaba, ule waridi, na wa pembeni yake bado mtupu. Ikifika saa sita mchana rangi hiyohiyo imepauka, na moshi wa mioto ya kiangazi unafunika milima ya mbali. Wapiga picha, msidharau saa ile ya kwanza.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni mbung'o. Miombo ndiyo nyumbani kwao na wanauma kweli, hata juu ya nguo nyepesi. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo jinzi iache nyumbani. Vaa kaki au rangi ya udongo, mikono mirefu. Malipo ya hifadhi yapange kwa kadi au kwa namba ya malipo, usitegemee noti mfukoni.

Ukipata siku ya ziada, teremka hadi Mang'ula, kama kilomita 60 kutoka Mikumi, kwenye lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa. Huko hakuna gari, ni miguu yako na mwongozaji, na msitu wake ni kijani mwaka mzima. Maporomoko ya Sanje yanashuka mita 170. Lala Mang'ula muanze kupanda mapema, kila mtu na maji yake na viatu vyenye soli ya meno, maana njia ni ya mwinuko na mawe yaliyo karibu na maji yanateleza.