Cat6 ya nusu bei: ukwangue kwanza

SWALI: Papa Fundi, salamu. Ninajenga nyumba ya vyumba vinne huku Kasapa, na fundi wa umeme anaanza kuchimba kuta wiki ijayo. Mwanangu aliye Ubelgiji anataka taa, kamera na geti viendeshwe kwa simu. Anasema nilaze waya wa kijani wa KNX, mfumo wa kuendesha vifaa vya nyumba kwa waya wake wenyewe. Fundi anasema Wi-Fi inatosha. Muuzaji mmoja mjini ana katoni ya Cat6, waya wa mtandao, kwa nusu ya bei ya wenzake. Nimsikilize nani?
Mama Mjenzi, Lubumbashi

JIBU: Mama, tuanze na muuzaji, maana huyo ndiye wa kwanza kugusa pesa yako. Cat6 ya nusu bei mara nyingi ni aluminiamu iliyovishwa shaba nje. Omba kipande, toa uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiwa mwekundu hadi ndani, lipa. Ukitoka mweupe, mrudishie katoni yake. Usihangaike na sumaku, haivuti shaba wala aluminiamu. Na kuuziwa aluminiamu hapa, mji unaoamka ukitazama bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba, kunauma zaidi!

Kamera zako huenda zikapata umeme kupitia waya huohuo wa mtandao. Aluminiamu inapitisha umeme kwa asilimia 60 hivi tu ya shaba, kwa hiyo kamera ya mbali inapungukiwa volti: mchana inaonyesha vizuri, usiku taa zake zikiwaka inazimika. Waya nao unapata joto darini, chini ya bati la Oktoba, na uzi wake ukikunjwa mara chache unakatika. Bora Cat5e, daraja la chini ya Cat6, ya shaba tupu kuliko Cat6 ya namna hiyo. Cat5e inabeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 100. Kamera zako hazitaki zaidi.

Fundi wako hajakosea kabisa, taa zinaweza kwenda kwa Wi-Fi. Ila muulize: atashusha nyutro, waya wa kurudisha umeme, katika kila kisanduku cha swichi? Mafundi wengi wamezoea kushusha nyaya mbili tu, moja ya kuleta umeme na moja ya kuupeleka kwenye taa. Swichi nyingi za kuendeshwa kwa simu zinadai nyutro ili zibaki macho hata taa ikiwa imezimwa. Ukiikumbuka baada ya plasta, utavunja ukuta. Visanduku vyenyewe viwe virefu kwenda ndani, vile vya kawaida vinabana.

Kila kamera iwe na waya wake mpaka kabati moja, kwenye bomba tofauti na la umeme wa nyumba.

KNX ni mfumo mzuri, haujali Wi-Fi ikikatika. Lakini vifaa vyake ni ghali, na unapangwa kwa kompyuta yenye programu yake maalumu. Ukigoma Jumapili mwanao akiwa Ubelgiji, nani atakuja Kasapa? Mimi nisingelaza, labda yeye mwenyewe aje kuupanga.

Geti ndilo linaloniogopesha, kwa sababu ya radi za msimu wa mvua. Waya wa shaba unaotoka nje huleta mshtuko mpaka ndani ya vifaa. Mawasiliano ya geti yapite kwenye faiba, waya wa kioo unaopitisha mwanga badala ya umeme; umeme wa mota uwe na bomba lake. Chimba nusu mita, na mfereji ufukiwe siku hiyohiyo. Unajua mwenyewe, shaba ikilala nje huku kwetu haikuti asubuhi.