Mpwa anataka kupiga Windows 11 na programu ya duka ni ya DOS, nimwachie?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina duka la spea za pikipiki hapa Iringa, nilirithi kwa baba. Kompyuta ni desktop ya Core 2 Duo, RAM GB 2, Windows 7 ya biti 32. Programu ya stoo na madeni ni ile ya FoxPro ya DOS, jamaa aliyeitengeneza simpati tena, na inaprinti kwenye Epson LX-300. Shida ni tovuti ya benki, siku hizi inagoma kufunguka na Chrome haiapdetiki. Mpwa wangu anasema anapiga Windows 11 jioni moja tu yanaisha. Nimwachie?

JIBU: Dada, mwambie mpwa arudishe fleshi mfukoni kwanza. Kupiga Windows najua anajua, ila hapo anataka kutibu Chrome kwa kuua duka.

Programu yako ni ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows, kwa hiyo haiendeshwi na Windows moja kwa moja, inabebwa na kitu kinaitwa NTVDM kilichomo kwenye Windows za biti 32. Ukitaka kukiona, fungua programu kama kawaida alafu bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Processes, utakuta ntvdm.exe imekaa pale. Sasa Windows ya biti 64 haina hicho kitu, na Windows 11 haijawahi kutoka ya biti 32. Utakliki, utaambiwa programu haiwezi kuran kwenye PC hii, basi, hakuna setingi ya kuchezea.

Tena hata mashine yenyewe haifiki. Windows 11 kirasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa Intel prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, vijana wana ujanja wa kuyaruka masharti hayo, sawa, ila kuanzia toleo la 24H2 kuna maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina kabisa, haiwaki, ujanja au bila ujanja. Atakuwa ameshafomati ndo anagundua.

Mimi hili lilinikuta. Mteja wa stationery aliniletea mashine nzito, nikapiga Windows mpya, nikajisifu, kumbe ile programu yake ya kupangia vitabu CD anayo, namba anazo, lakini kampuni ilishazima seva ya kuiidhinisha. Kwenye Windows ya zamani ilikuwa inafanya kazi kwa sababu iliidhinishwa miaka hiyo. Diski nimeshafuta. Nilimlipa hela yake na aibu juu. Toka siku hiyo siulizi tu kama programu itafanya kazi kwenye Windows mpya, nauliza kama ile ya sasa hivi ikifutika inaweza kurudishwa. Ya kwako hairudishiki, jamaa mwenyewe humpati.

Si tupige Windows 10 ya biti 32? Inawezekana, NTVDM ipo unaiwasha tu, lakini sapoti iliisha 14 Oktoba 2025, ukijiandikisha unaongezewa mpaka Oktoba 2026, na kwa RAM ya GB 2 utachemsha chai ukaimaliza haijawaka. Sioni faida.

Ningekuwa mimi, hiyo mashine ingebaki ilivyo na intaneti ningeichomoa kabisa. Windows 7 haipati viraka toka Januari 2020 na Chrome 109 ndo ilikuwa ya mwisho kwake, kwa hiyo kuingilia benki humo ni hatari hata kama ingefunguka. Kwa ajili ya benki tafuta laptop used ya kizazi cha 8 na kuendelea, iwe na Windows 11 yake, mambo mawili yasikutane. Na fleshi za wateja zisichomekwe kwenye ile ya zamani, virusi vya shotikati unavijua.

Kazi ya mpwa ipo na ni nzuri kuliko aliyoitaka. Anunue diski ya pili isiyopungua ukubwa wa hiyo, atumie programu ya Clonezilla akloni, yaani akopi diski nzima nzima, alafu achomeke ile kloni na kuiwasha aone kama programu inafunguka, maana kloni ambayo haijajaribiwa usiihesabu. Kila jioni kopi folda yote ya programu, sio faili za data za .dbf peke yake, na .cdx (faharasa) na .fpt (maelezo marefu) zina kazi. Ukitaka kuchungulia data ukiwa nje ya programu, LibreOffice Calc inafungua .dbf, ila fungulia kopi, usije ukasevu juu ya ile halisi. Abadilishe na betri ya CR2032 kwenye bodi, ikifa saa inarudi nyuma na madeni yanaandikwa tarehe za ajabu.

Kuhama kabisa kutakuja, hiyo mashine haiishi milele. Kwa utulivu mjaribu programu kwenye laptop mpya kwa DOSBox-X, programu ya kuigiza DOS ndani ya Windows mpya, sio DOSBox ya kawaida, ya kawaida haina upande wa kuprinti. Laptop haina tundu la LX-300 pia, mtahangaika kidogo na waya. Siku ya kujaribu weka karatasi yenu ile ile ya kaboni uprinti deni la mteja wa kweli, kwa sababu kwenye skrini kila kitu kitaonekana kimekaa sawa, ni kwenye karatasi ndo utaona namba zimehamia mstari wa chini.