Unga wa iboga kwa mdogo wako anayekunywa lutuku

Ndugu yangu wa Kadutu,

Umeuliza kama umwache mdogo wako, ambaye ameshindwa kuacha lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, anywe unga wa iboga aliouziwa na rafiki ili umsaidie kuacha. Nakusihi usimwache.

Iboga ni kichaka cha misitu ya Afrika ya Kati. Nchini Gabon, ambako serikali iliitangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 2000, wafuasi wa Bwiti, dini ya jadi ya huko, hula maganda ya mizizi yake, machungu mno, katika ibada ya usiku kucha, na anayeingizwa katika dini hiyo hukaa katikati ya wazee wanaomwimbia kwa kinubi cha nyuzi 8 na kumshika anapotapika. Mdogo wako atakuwa peke yake chumbani na kifuko cha plastiki.

Kinachonitia hofu zaidi ni moyo. Ibogaini, kemikali iliyomo katika maganda hayo, huvuruga mapigo yake, na watu wamekufa, wengine saa nyingi baada ya kuitumia. Hatari huzidi madini ya potasiamu yakipungua mwilini, jambo la kawaida kwa mnywaji anayetapika na asiyekula, au akiwa anatumia kinini kwa ajili ya malaria.

Wala asiache pombe ghafula. Ikiwa asubuhi mikono yake hutetemeka hata chai ikamwagika, mpeleke hospitali kabla hajaacha, kwa sababu kifafa kinaweza kumshika ndani ya siku 2 za kwanza. Mwambieni daktari wazi habari za unga ule, na uukabidhi kwake.