Maswali ya Wasomaji: Kundi letu la damu ni moja, mbona uloto wangu haumfai mwanangu?

SWALI: Mshauri mpendwa, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 11, mwana wa miaka 7 na kitinda mimba wa miaka 3. Huyu wa katikati alianza kutokwa na damu puani na kutokewa na madoa mekundu miguuni bila ya kujigonga popote. Baada ya vipimo tulielezwa kwamba uloto wake, yaani ule ute wa ndani ya mifupa, umeacha kutengeneza damu, na kwamba tiba inayotazamiwa ni kupandikizwa uloto wa mtu mwingine. Kundi lake la damu ni O na langu ni O, kwa hiyo nilijua mchangiaji ni mimi. Nikajibiwa kwamba tunalingana nusu tu. Kwa sasa mashemeji zangu wanapokezana kumtolea damu kila inapopungua, na wanataka tusambaze picha yake ili watu wajitokeze kwa wingi. Kila tukienda kulala binti yangu huniuliza kama yeye ndiye atakayechomwa sindano, na mama mkwe anashikilia kwamba mtu akitolewa uloto hupooza. Nimtafute wapi huyo mchangiaji? – Mama wa Watatu

JIBU: Mama mpendwa, pole sana kwa kuuguza. Nianze na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Kabla mtoto hajaongezewa damu nyingine kutoka kwa shemeji yako yeyote, mwulize daktari wake kama hilo linafaa. Mtoto anayetarajiwa kupandikizwa uloto kwa kawaida haongezewi damu ya ndugu, kwani mwili wake unaweza kujifunza kuzitambua alama za ukoo huo kuwa ni adui, kisha ukaukataa uloto utakaotoka kwa ndugu hao hao. Mashemeji zako wamefanya jambo la upendo na wasilaumiwe hata kidogo. Waombe waendelee kuchangia, ila damu yao iingie katika benki ya damu iwafae wagonjwa wengine, naye mwanao apewe ya watu wasio wa ukoo, iliyotayarishwa kama daktari atakavyoagiza.

Sasa nije kwenye kundi la damu, maana wazazi wengi hukwama hapo hapo ulipokwama wewe. A, B na O ni alama za chembe nyekundu. Alama zinazoamua mambo ya uloto ni nyingine, huitwa HLA, zimo karibu katika seli zote za mwili, na ndizo kinga ya mwili inazotumia kutofautisha mwenyeji na mgeni. Watu wawili wenye kundi moja la damu wanaweza kutofautiana kabisa katika HLA, na wawili wenye makundi tofauti wanaweza kulingana barabara. Mtoto akipandikizwa uloto wa mtu wa kundi jingine, baada ya muda hata kundi lake la damu hugeuka likawa la mchangiaji.

Alama hizo hurithiwa kwa mafungu. Baba ana mafungu mawili na mama ana mawili, na kila mtoto huchukua fungu moja huku na moja huku. Ndiyo sababu wewe na mwanao mnalingana nusu: hakuna namna ambayo mzazi angempa mtoto mafungu yote mawili. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kwa upande wake, ana nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa amechukua mafungu yale yale. Kwa watoto wako wawili waliobaki, nafasi ya kwamba angalau mmoja wao atalingana kikamilifu na mgonjwa ni kama asilimia 44. Barua yako haikutaja kama wamepimwa. Kama bado, anzieni hapo, wote wawili, pamoja na yule wa miaka 3. Kipimo chenyewe ni kijiti chenye pamba kinachosuguliwa ndani ya shavu, au damu kidogo ya mkononi.

Ikiwa hakuna anayelingana, ndipo hutafutwa mtu wa nje, na hapa ningependa nikupunguzie mzigo mmoja: utafutaji huo si kazi yako. Daktari wa upandikizaji ndiye anayepeleka alama za mtoto kwenye sajili za wachangiaji, ambazo zimeunganishwa duniani kote na zina watu zaidi ya milioni 40. Sajili ya kwanza ya namna hii ilianzishwa London mwaka 1974 na mama aliyekuwa katika hali kama yako, Shirley Nolan, akimtafutia mwanawe Anthony. Sitakuficha kwamba mtoto yule alifariki mwaka 1979 bila kupata mchangiaji. Lakini tangu siku hizo daktari wa mtoto hutafuta katika orodha iliyokwisha kupimwa, badala ya mama kubisha hodi mlango kwa mlango.

Orodha hiyo haijamtendea kila mtu sawa, na jambo hili linaniuma. Utafiti wa sajili ya Marekani uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mgonjwa wa asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya asilimia 75 hivi ya kupata anayelingana naye kikamilifu, ilhali kwa wagonjwa weusi nafasi hiyo ilikuwa kati ya asilimia 16 na 19. Sababu ni mbili: watu wa asili ya Afrika wana alama za aina nyingi kuliko watu wengine, na walioandikishwa kati yao ni wachache. Kwa kuwa alama hufuata nasaba, mtu anayemfaa mwanao ana uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka miongoni mwa watu wa asili yake.

Kwa hiyo hamasa ya mashemeji zako ina maana, ila ielekezwe vizuri. Wawaite vijana wenye afya, hasa wa miaka 18 hadi 35, ambao madaktari huwapendelea, nao waambiwe ukweli wote: kwamba wanajiandikisha kwa ajili ya mgonjwa yeyote, kwamba huenda wakaitwa baada ya miaka mingi kwa ajili ya mtu wasiyemjua, na kwamba hawatalipwa. Siku chache kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hupewa dawa kali zinazoufuta uloto wake. Mchangiaji akighairi wakati huo, anamwacha mtu hana uloto wa zamani wala mpya. Afadhali vijana kumi waliokata shauri kuliko mia walioguswa na picha wakasahau baada ya wiki. Kuhusu picha yenyewe, mwulizeni mtoto kwanza. Miaka 7 ni umri wa kuulizwa. Na atakayekujia akisema ana mchangiaji wa kukuuzia, usimpe chochote, wala usimtumie majibu ya vipimo vya mtoto.

Na ile nusu yako usiidharau. Zamani mzazi hakuhesabiwa, lakini siku hizi upandikizaji wa uloto unaolingana nusu unafanyika, na njia mojawapo ni kumpa mgonjwa dawa iitwayo saiklofosfamaidi siku ya tatu na ya nne baada ya kupandikizwa, ili kuzipunguza zile seli za mchangiaji ambazo zingeushambulia mwili wa mtoto. Mwulize daktari waziwazi: “Tusipopata anayelingana kikamilifu, je, mimi au baba yake tunaweza kuchangia?” Uliza pia kama mtoto anaweza kupewa dawa za kutuliza kinga wakati utafutaji unaendelea, kwa kuwa katika ugonjwa wake ni kinga hiyo ambayo mara nyingi huushambulia uloto.

Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba sindano ya kutolea uloto haigusi uti wa mgongo. Huingizwa kwenye mfupa wa nyonga upande wa nyuma, mchangiaji akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Akiamka husikia maumivu kama ya mtu aliyeanguka akakaa kitako, kwa siku kadhaa na pengine wiki mbili au tatu, na uloto uliochukuliwa hurudi wenyewe katika muda wa wiki 4 hadi 6. Dawa ya usingizi ina hatari zake ndogo, ndiyo maana mchangiaji hupimwa afya kwanza. Ipo pia njia ya kuvuna seli kutoka katika damu ya mkononi, lakini kwa mtoto mwenye ugonjwa kama wa mwanao madaktari wengi hupendelea uloto wa nyonga, kwa kuwa una madhara machache ya muda mrefu. Kwa mgonjwa mwenyewe hakuna kupasuliwa. Huletwa mfuko wa kitu kinachofanana na damu nzito, ukatundikwa, na kikashuka polepole kwenye mshipa, naye akiwa macho anaangalia.

Nimemwacha binti yako mwisho, naye ndiye niliyemfikiria zaidi nilipoisoma barua yako. Anauliza usiku kwa sababu anaogopa na hajui kama anaruhusiwa kuogopa. Mjibu mchana, mkiwa wawili tu: kwamba kipimo ni kijiti cha shavuni, kwamba asipolingana hajafanya kosa, kwamba akilingana ataelezwa kila hatua na kulazwa usingizi asihisi sindano. Omba awe na daktari wake, asiye daktari wa kaka yake, wa kumsikiliza yeye peke yake. Na tafadhali, mtu yeyote nyumbani asimwambie “wewe ndiye utakayemwokoa mdogo wako”. Uloto ukikataa kushika, mtoto wa miaka 11 atayabeba maneno hayo maisha yake yote.

SWALI: Mtoto wangu wa kwanza ana saratani ya damu na mimi nina ujauzito wa miezi sita. Nimesikia kwamba damu ya kitovu inaweza kumsaidia. Je, ni kweli? – Msomaji

JIBU: Ni kweli, na umeuliza kwa wakati. Upandikizaji wa kwanza wa damu ya kitovu ulifanyika Paris mwaka 1988, mtoto akipewa damu iliyokusanywa dada yake alipozaliwa. Damu hiyo huchukuliwa kwenye kitovu na kondo baada ya kitovu kukatwa, bila ya kumdhuru mama wala mtoto mchanga. Nafasi ya kulingana kikamilifu ni ile ile, 1 kati ya 4, kama watoto ni wa baba mmoja, na seli zinazopatikana huwa chache, hivyo humfaa zaidi mgonjwa mdogo wa mwili. Kinachotakiwa ni maandalizi: daktari wa mtoto na wakunga watakaokuzalisha wazungumze sasa, vifaa na mahali pa kuhifadhi vijulikane mapema, maana uchungu ukishaanza hakuna atakayekuwa na nafasi ya kuvitafuta.