Bei ya ofa si bei: jibu kuhusu bili ya intaneti inayopanda

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kwa sisi tunaowasoma tukiwa Marekani, lilikuwa hili: ofa ya intaneti ya nyumbani ikiisha na bili ikapanda kwa mkupuo, mteja alipe, abishane au ahame? Yote matatu yanaweza kuwa sahihi, lakini uamuzi wake hufanywa kabla ya kusaini, si siku bili inapoingia. Ile dola 40 kwenye karatasi ya rangi iliyotumbukizwa katika sanduku la barua si bei. Ni chambo chenye tarehe ya kuoza. Bei ni ile iliyoandikwa kwa herufi ndogo chini yake.

Wengi wetu tunanaswa kwa sababu tumetoka mahali ambapo intaneti ya nyumbani aghalabu hulipiwa kabla. Nairobi au Dar es Salaam, siku zikiisha inakatika, unalipa kwa simu, inarudi. Kila mwezi unaiandika bei kwa kidole chako mwenyewe, na ikipanda unaiona palepale. Huku mteja huombwa airuhusu kampuni ijikatie yenyewe benki, na mara nyingi hupewa punguzo la dola 5 au 10 kwa kukubali. Ofa ya mwaka ikiisha, mwezi wa 13 makato yanakua na hakuna mtu aliyetazama. Punguzo hilo lichukueni, ni hela halali, ila mara nyingi linataka akaunti ya benki hasa. Ukiweka kadi ya mkopo linapungua au linapotea kabisa. Kisha chagueni siku moja katika mwezi ya kuisoma bili yenyewe, wala si ujumbe wa simu unaosema tu kwamba malipo yamepokelewa.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo ofa inapovuliwa nguo. Msilinganishe kampuni mbili kwa bei ya mwezi wa kwanza. Chukueni miezi 24 yote. Tuseme ofa ni dola 40 kwa miezi 12, baadaye 80. Kukodi modemu, kile kisanduku kinachoingiza intaneti nyumbani, dola 14 kwa mwezi. Fundi wa kufunga dola 60. Mwaka wa kwanza ni 480, wa pili 960, modemu 336, fundi 60. Jumla 1,836, sawa na dola 76.50 kwa mwezi. Jirani yake, kampuni isiyo na ofa yoyote, inauza kwa dola 65 modemu ikiwa ndani: 1,560 kwa miezi ileile. Aliyekimbilia 40 amelipa dola 276 zaidi ya aliyekubali 65. Kodi za serikali sijaziweka kwa kuwa hutofautiana kwa mahali, nazo huongezwa juu ya hizo.

Namba za hesabu hiyo hamhitaji kuziomba kwa mtu. Tangu tarehe 10 Aprili 2024 kampuni kubwa za intaneti Marekani, na tangu 10 Oktoba 2024 zile ndogo, zinalazimika kuonyesha mahali pa kuuzia lebo yenye kichwa "Broadband Facts", iliyochorwa kama ile ya virutubisho kwenye paketi ya chakula. Kanuni ni ya Tume ya Mawasiliano ya Taifa, FCC. Soma mstari wa juu kwanza: bei ya mwezi. Chini yake lebo hutaja kama bei hiyo ni ya utangulizi, itadumu muda gani, na itakuwa ngapi ikiisha. Halafu shuka kwenye ada za kila mwezi, ada za mara moja, ada ya kuvunja mkataba, kasi ya kawaida ya kushusha na kupandisha, na kiasi cha data kilichomo. Piga picha ya skrini ya lebo siku unayojiunga na uitunze. Matangazo hubadilika kila wiki, na baada ya mwaka hutaikuta tena ile uliyoiona.

Jambo linalowachanganya hata watu makini ni kwamba vipande vya ofa havifi siku moja. Punguzo la intaneti linaweza kuwa la miezi 12, modemu ya bure miezi 24, laini ya simu ya bure mwaka mmoja, na huduma ya filamu miezi 6. Kwa hiyo bili haipandi mara moja ukaomboleza ukamaliza. Hupanda kwa ngazi. Kwenye bili yenyewe tafuta mistari yenye alama ya kutoa. Kampuni huandika bei kamili, kisha chini yake punguzo, na mara nyingi tarehe ya mwisho wake. Angalieni tarehe hizo kwa macho ya huku: mwezi hutangulia siku. 04/09/26 ni tarehe 9 Aprili, si 4 Septemba. Kosa hilo la kusoma kinyume linatosha kumfanya mtu apige simu miezi mitano baada ya ofa kuisha.

Pia yapo maneno mawili ambayo wauzaji huyachanganya kwa makusudi au kwa uvivu: mkataba na hakikisho la bei. Mkataba unakufunga wewe. Ukiondoka mapema unatozwa. Hakikisho la bei linaifunga kampuni. Unaweza kuwa na mkataba wa miaka 2 ambao bei yake ni ya ofa kwa mwaka 1 tu, na hilo ndilo umbo baya kuliko yote, kwa sababu bei inapanda na mlango umefungwa. Hata hakikisho la miaka 5 lisomeni vizuri: mara nyingi linalinda bei ya msingi tu, wala haligusi kodi na ada.

Kuhusu kubishana. Nguvu ya mteja haitoki kwenye sauti yake, inatoka kwenye anwani yake. Kama waya wa kampuni moja tu ndio unaofika kwako, hata ukilia machozi ya damu utapewa dola 5. Kwa hiyo kabla ya simu fungua ramani ya intaneti ya FCC, andika anwani yako, uone kampuni gani zinasema zinafika hapo na kwa njia gani: faiba, kebo (waya wa televisheni), 5G ya nyumbani (kutoka mnara wa simu), setilaiti. Halafu hakikisha kwenye tovuti ya kila kampuni kwa kuandika na namba ya chumba, maana ramani inaweza kusema jengo linafikika huku ghorofa yako haina waya. Wanaoishi kwenye majengo ya kupanga waanzie ofisi ya meneja. Yapo majengo ambayo intaneti imenunuliwa kwa jumla na imo kwenye kodi ya nyumba, na hapo hakuna wa kubishana naye.

Wakati wa kupiga ni kama siku 30 kabla ya ofa kufa. Ukipiga mapema zaidi mhudumu huona punguzo bado lipo, na mfumo wake humnyima nafasi ya kuongeza lingine. Ukipiga baada, bili ya kwanza ya bei kamili imeshatoka na kurudishiwa ni hisani. Mashine inayopokea simu ikikuuliza unataka nini, usiseme "bili", kwa sababu utapelekwa kwa mtu asiye na ruhusa ya kukata hata senti. Sema "cancel". Neno hilo hukupeleka kitengo cha kubakiza wateja, ambacho kazi yake ni hiyo. Hapo toa mambo matatu bila hasira: tarehe ofa inapoisha, bei ya mshindani kwenye anwani yako, na bei unayoitaka. Usiseme "nipunguzieni", sema "naomba dola 50 kwa miezi 12". Katika mfano wetu, ukiipata hiyo 50 jumla ya miezi 24 inashuka kutoka 1,836 hadi 1,476.

Wakikubali, kazi haijaisha. Uliza maswali manne na uandike majibu: punguzo linaanza bili ipi, linaisha tarehe gani, limeniingiza kwenye mkataba mpya, na kasi yangu imebadilika? Kosa la kawaida kabisa katika simu hizi ni mhudumu kukuhamishia kifurushi kipya chenye kasi kubwa kwa "bei ileile", ambacho nacho ni ofa ya miezi 6 na kimefuta bei uliyokuwa nayo. Ndiyo maana ni bora kuzungumza nao kwa maandishi (chat) kwenye tovuti yao inapowezekana. Maandishi yanabaki, unayahifadhi. Na usitishie kuondoka ikiwa huko tayari. Baadhi ya wahudumu watakujibu "sawa" na kupanga siku ya kukukatia.

Njia ambayo watu huisahau ni kupunguza kasi. Kampuni hupenda kuuza gigabiti moja kwa sekunde, yaani megabiti 1,000, kwa familia ya watu watano, ilhali filamu ya 4K hula megabiti kama 25 kwa sekunde na simu ya video isiyozidi 5. Televisheni tatu za 4K na watoto wawili darasani kwa video bado hawafiki 100. Kifurushi cha megabiti 300 kinawatosha. Wi-Fi ikisuasua chumbani, tatizo mara nyingi ni ruta, kisanduku kinachosambaza Wi-Fi, iliyofichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, na kununua kasi hakuiondoi hapo. Ila uliza kwanza bei ya kifurushi cha chini kwa mteja wa zamani, kwa sababu wakati mwingine kushuka huua punguzo na unaishia kulipa karibu sawa.

Modemu nayo. Sheria ya Marekani inakataza kampuni kukutoza kodi ya modemu au ruta ambayo haikukupa. Kwa intaneti ya kebo, nunua modemu iliyomo kwenye orodha ya kampuni yako ya modemu zinazokubalika, ikiwezekana ya DOCSIS 3.1 (kiwango cha modemu za kebo, huandikwa kwenye boksi), kisha uwape namba ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kifaa iliyobandikwa chini yake, ili waisajili. Bila usajili huo taa zitawaka na intaneti haitakuja. Angalia pia iwe modemu kweli, si ruta tupu. Maboksi yanafanana dukani. Kama modemu na ruta kwa pamoja ni dola 180, katika mfano wetu unaokoa 156 ndani ya miaka 2. Kwa faiba msinunue modemu: kisanduku cha kupokea mwanga hutolewa na kampuni, na chenu kinaweza kuwa ruta peke yake.

Kuhama, kwa maoni yangu, ndilo jibu bora pale ambapo kampuni mbili zinafika, na ni dawa ya kurudia kila mwaka au miwili. Ofa hizi ni za wateja wapya. Aliyehama ni mpya. Mpangilio wake ni huu: funga mpya kwanza, iache ifanye kazi kwa wiki nzima pamoja na jioni za wikendi, ndipo ukate ya zamani. 5G ya nyumbani ndiyo hasa ya kupimwa hivi, kwa kuwa mchana huruka na saa mbili usiku mnara ukijaa huzubaa. Kata siku mbili tatu kabla ya mwezi mpya wa bili kuanza, kwani kampuni nyingi hazirudishi pesa za siku zilizobaki. Na mjue kwamba ile kanuni ya kusitisha huduma kwa mbofyo mmoja, iliyotangazwa kwa shangwe mwaka 2024, ilifutwa na mahakama ya rufaa Julai 2025. Katika kampuni nyingi bado utalazimika kupiga simu.

Wasomaji walioko Uingereza wana hali nafuu. Huko tangu Februari 2020 kampuni inapaswa kukuandikia kati ya siku 10 na 40 kabla ya mkataba kuisha, ikitaja bei ya sasa na ijayo, na tangu Septemba 2024 anayehama huzungumza na kampuni mpya tu. Yenyewe ndiyo inayomaliza na ya zamani. Barua hiyo ikija msiitupe pamoja na za matangazo.

Kwa wenye kipato kidogo hapa Marekani, ule msaada wa serikali wa dola 30 kwa mwezi wa kulipia intaneti uliisha tarehe 1 Juni 2024. Kilichobaki ni Lifeline, mpango wa serikali wa kupunguza bili ya simu au intaneti, dola 9.25 kwa mwezi, pamoja na vifurushi vya bei nafuu ambavyo kampuni kadhaa huwapa wanaopokea msaada wa chakula au Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Vifurushi hivyo havitangazwi sana. Viulizieni kwa jina la msaada mnaopokea.

Kampuni ikikataa kuheshimu bei iliyoandikwa kwenye lebo au kwenye mazungumzo yenu ya maandishi, peleka malalamiko FCC kwa mtandao. Ni bure, huhitaji wakili, na kampuni hupewa siku 30 za kujibu kwa maandishi. Ambatanisha ile picha ya lebo. Mara nyingi anayekupigia baadaye si yule wa kitengo cha simu, ni mtu mwenye ruhusa ya kurekebisha bili.

Ukishahama, rudisha modemu yao na waya wake wa umeme dukani kwao au kwa mjumbe wa vifurushi waliyekuelekeza, na udai risiti yenye namba ya kifaa. Itunze mpaka uone bili ya mwisho inayosoma sifuri, kwa sababu modemu isiyoonekana kwenye kumbukumbu zao inaweza kukudai zaidi ya dola 100 miezi mitatu baadaye, ikiwa mkononi mwa mkusanya madeni.