Ukiitwa mahakamani Salem, usikimbilie treni ya kurudi

Mara ya kwanza kufika Salem, mji wa pwani karibu na Boston huku Marekani, sikwenda kutalii, nilipelekwa na tiketi ya spidi. Natoka shifti ya usiku, niko barabara ya 114 pale Danvers, kichwa kishafika kitandani na mguu uko kwenye mafuta, mara naona taa za bluu nyuma. Kosa langu, sibishi. Washkaji wakaniambia lipa tu yaishe, na hapo ndo wengi tunapopigwa, maana huku Massachusetts ukilipa umeshakubali kosa, halafu bima inakuja kukukamua miaka kadhaa. Una siku 20 tangu upewe tiketi, igeuze nyuma, jaza sehemu ya kuomba kusikilizwa, saini, tuma. Usingoje siku ya 19 kama mimi.

Kesi za Danvers zinasikilizwa Salem, mahakama iko Federal Street. Ukipanda treni North Station pale Boston ni kama nusu saa, ukishuka unatembea dakika chache tu ushafika, kwa hiyo gari liache nyumbani.

Sasa nisikilize kwenye hili la mkalimani. Mimi kingereza naongea, kazini naongea, kwa mwenye nyumba naongea, nikajiona sihitaji. Dada mmoja wa kanisani ndo akanikomalia, akasema kingereza cha dukani na cha mahakamani ni vitu viwili, omba, ni haki yako na hulipi senti. Nikapiga simu kwa karani mapema nikasema nataka Kiswahili. Siku ilipofika nikakuta mama mmoja wa Kikongo, akaniangalia akasema, "Baba, banasema ulikuwa unakimbiza gari." Kiswahili chake na changu cha Tanga havifanani sana lakini kila swali nililisikia vizuri, nikajibu nilichoulizwa, sikuitikia "yes" hovyo kama ninavyofanyaga. Unayekutana naye hatua hiyo ni karani hakimu, sio jaji, na haichukui muda. Nilishindwa bwana, nikalipa. Lakini nilishindwa naelewa nini kimesemwa.

Nikatoka saa nne na nusu asubuhi, kazini hawanitegemei siku hiyo, nikasema ngoja nizunguke.

Kila mtu anaijua Salem kwa kesi za uchawi za 1692. Watu 19 walinyongwa, na mzee Giles Corey akalaliwa mawe mpaka akafa kwa sababu aligoma kukubali kusikilizwa kesi yake. Mji umejaa maonyesho ya sanamu na vitisho vya kulipia, mi naona kama ni pesa umeichoka basi ingia. Kisichokuwa na kiingilio ndo kizuri, ile kumbukumbu ya 1992 pembeni ya makaburi ya zamani ya Charter Street. Ni ukuta wa mawe, na mawe bapa yametokeza kama viti, kila moja lina jina na tarehe. Pale mlangoni chini wamechonga maneno ya washtakiwa wakijitetea, ukuta unayakata katikati, sentensi haimaliziki.

Nikasimama kwenye jiwe la Rebecca Nurse, tarehe 19 Julai 1692. Bibi wa miaka 71. Baraza la wazee wa mahakama lilisema hana hatia, majaji wakawarudisha wakafikirie tena, wakamuuliza bibi kuhusu neno moja alilosema, naye masikio yalikuwa mazito, hakusikia, akanyamaza. Kunyamaza kwake kukachukuliwa ndo jibu. Wakili hakuna, wenzie pia hawakuwa nao. Nikamkumbuka yule mama wa Kikongo nikakaa kidogo. Katika majaji wale, Samuel Sewall peke yake ndo alikuja kusimama kanisani mwaka 1697 ungamo lake likisomwa mbele za watu.

Halafu shuka bandarini, na hapa Mswahili usipite haraka. Kuna jengo la forodha la 1819 lenye tai juu, nyuma yake kibanda cha mizani, na mbele gati refu la Derby linaingia baharini mpaka kwenye mnara mdogo wa taa. Meli za mji huu zilikuwa zinakuja mpaka Unguja. Marekani ilifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza Zanzibar, Richard Waters, aliyefika 1837, ni mtu wa hapahapa Salem. Walikuwa wanabeba pembe na sandarusi ya kutengenezea vanishi, na sandarusi nyingine ilikuja kusafishwa hukuhuku. Wao walituletea nguo ya pamba isiyopaushwa kutoka viwanda vya Massachusetts. Merikani! Bibi yangu alikuwa anaiita hivyo mpaka anakufa, mi nikidhani ni jina tu. Misafara ya bara ililipana kwa nguo hiyo, doti kwa doti, na doti ndo hiyohiyo tunayonunulia kanga leo. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 vikaja kukata pamba, nguo za India zikachukua soko, na bandari yenyewe ilikuwa na kina kifupi, meli kubwa zikahamia Boston na New York.

Kama utakuja kutembea tu, Oktoba ikwepe kabisa, mji unafurika watu wa Halloween hutapata hata pa kusimama. Njoo Mei au Septemba, na vaa jaketi, upepo wa lile gati hauna adabu.

Nikiwa pale mwisho wa gati nikamtumia mama voisi nikamwambia nimefika ilikotoka merikani ya bibi. Akajibu hapohapo, "Sasa kama inatoka huko si uniletee." Nikaingia maduka mawili Essex Street kuulizia, kofia za wachawi zimejaa mpaka darini, merikani hakuna.