Maktaba inafunguliwa "hasta" saa nne

Wiki yangu ya kwanza katika Jiji la Meksiko nilipiga simu maktaba moja kuuliza ratiba. Dada wa mapokezi akanijibu, "Abrimos hasta las diez." Kihispania changu nilikipata darasani, na darasani hasta ni "mpaka". Nikaelewa wako wazi mpaka saa nne usiku. Nikawasifu moyoni, hawa watu wa kazi. Kesho yake, saa mbili kasoro asubuhi, nimesimama mbele ya geti lenye kufuli, baridi inanitafuna (jiji liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, beba sweta). Mlinzi alinionea huruma. Huku kwetu, akasema, maneno yale maana yake hatufungui mpaka ifike saa nne asubuhi.

Watu wawili watatu wameniuliza waanzie wapi wakitaka kufanya utafiti wa fasihi na utamaduni wa Meksiko. Anzia hapo getini. Ikiwa kijineno kama hasta kinakugeuka hivyo, tafsiri ya Kiingereza haiwezi kubeba tasnifu nzima. Soma tafsiri upate hadithi, lakini ukifika kwenye nukuu, rudi kwenye Kihispania, tena Kihispania cha kwao. Na usikiogope, Mswahili ana mtaji tayari. Azúcar ni sukari, aceituna ni zeituni, alcalde ni kadhi aliyevuka bahari akawa meya. Hiyo hasta iliyoniacha kwenye baridi ni ndugu wa "hata" yetu, zote kwa Mwarabu.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi. Pendekezo langu la utafiti lilihusu, kwa majivuno kabisa, "utambulisho wa Mmeksiko". Kila ukurasa mwandishi wao maarufu, Octavio Paz, na kitabu chake cha 1950, El laberinto de la soledad: Mmeksiko huvaa barakoa, Mmeksiko hujifungia, Mmeksiko hukitania kifo. Msimamizi wangu alinirudishia karatasi zikiwa na neno moja pembeni kwa kalamu ya risasi: "Yupi?"

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikafungua tena sura ya kwanza, nikamkuta Paz mwenyewe akisema kwamba hawazungumzii wote waishio nchini mwake, bali kikundi, tena kidogo, cha wale wanaojitambua kuwa Wameksiko. Nilikuwa nimeiruka sehemu hiyo nikikimbilia barakoa. Kwa hiyo vitabu vya namna hii visome kama ushahidi wa zama zake, usivifanye picha ya pasipoti ya taifa. Kisha msome mwanaanthropolojia Roger Bartra, La jaula de la melancolía (1987), anayeonyesha jinsi hadithi hizo za "tabia ya Mmeksiko" zilivyowafaa watawala. Na kabla hujachoka na nadharia, chukua riwaya ya Rosario Castellanos, Balún Canán (1957), uone Chiapas, jimbo la kusini, kwa macho ya binti wa mwenye shamba na yaya wake wa jamii za asili. Wote Wameksiko hao. Sasa andika "utambulisho" kwa umoja kama unaweza.

Mimi nilipunguza mada mpaka ikabaki pwani moja, Costa Chica, kwenye majimbo ya Guerrero na Oaxaca, wanakoishi watu wengi wenye asili ya Afrika. Katiba iliwatambua 2019, na sensa ya 2020 ikahesabu nchi nzima watu kama milioni 2.5 wanaojitambua hivyo. Mapema Novemba, siku za wafu, nilikuwa Cuajinicuilapa, mji wa pwani hiyo ambao wenyeji huuita Cuaji, kutazama ngoma ya mashetani. Wachezaji wana barakoa zenye pembe na ndevu ndefu za manyoya, na mmoja anapiga taya kavu la punda, meno yanacheza kwenye mfupa yanalia kama kayamba. Nilimsogelea mzee mmoja nikamwuliza, kwa hamu ya ndugu aliyepotezana na ndugu, kama anajua kwao Afrika ni wapi. Akanitazama. Yeye ni wa Cuaji, akasema, na baba yake wa Cuaji. Ukienda, acha jibu lako nyumbani.

Jibu lenyewe nililipata pasipo kuuliza. Katika nyaraka za ukoloni wa Kihispania, watumwa waliotoka upande wetu wa Afrika kwa mikono ya Wareno, wengine wakipitia Manila, Ufilipino, na meli za kwenda Acapulco, bandari ya Meksiko, huitwa cafre. Ndiyo "kafiri" hiyohiyo unayoijua. Nilikuwa nimeiona kwenye karatasi nikaipita. Halafu siku moja nimebanwa kwenye kombi, dereva wa gari jingine akatupita kwenye kona, na mama niliyekaa naye akapiga kelele dirishani, "¡Cafre!" Kumbe leo ndilo jina la dereva mhuni. Nikatoa daftari palepale. Sura yangu ya tatu ilianzia kwenye kiti kile.